Mfamaji Hapigi Kelele

Kiti chenyewe ni cha chuma, kirefu kupita kimo changu, na mwanangu akishakikalia hanisalimu. Kiangazi cha kwanza jambo hilo liliniuma sana. Nilifika bwawani saa nane mchana, jua la Ohio limewaka kama la kaskazi kwetu, nimebeba hotipoti ya chakula chake, nikasimama nje ya uzio wa waya nikamwita. Hakugeuka. Nikamwita tena kwa jina la utani alilopewa na bibi yake. Midomo ikacheza, macho hayakucheza: "Nikishuka, Mama." Basi. Mtoto niliyemlea kwa shikamoo asubuhi na jioni ananijibu huku anatazama maji, tena mbele za watu. Nikarudi kwenye gari nikala sambusa zake mbili kwa hasira.

Alikuwa na miaka 16, ameajiriwa kuwa mwokoaji katika bwawa la kuogelea la manispaa hapa Columbus. Mabwawa ya wazi ya Marekani yana maisha mafupi: hufunguliwa mwisho wa Mei au Juni, shule zinapofungwa, na Septemba ikiingia mengi yameshafunikwa. Wanaoyaendesha ni vijana wa sekondari. Wenzake wengine walikata nyasi za watu, wengine waliuza aiskrimu. Yeye alikaa kwenye kiti. Nami, niseme kweli, niliiona kuwa ni kazi ya kukaa. Mama yangu, aliyeko Pangani, aliiona hivyo hivyo kwenye simu.

"Mjukuu wangu kapata kazi gani?"

"Anaangalia watu wanaoogelea, Mama."

"Wakishamaliza?"

"Wanakwenda zao."

"Na yeye analipwa?"

"Analipwa."

Akanyamaza kidogo. "Mungu mkubwa," akasema.

Suala la mavazi, ambalo nilikuwa nimejiandaa kuligombania, lilikwisha kwa dakika tano. Suruali ndefu ya kuogelea, fulana nyekundu ya mikono mirefu, kofia ya kitambaa kinachobana kichwa na shingo, na maandishi yale yale kifuani kama wenzake. Meneja aliuliza jambo moja tu: kama kile kitambaa hakitachomoka akipiga mbizi.

Imenichukua viangazi viwili kuelewa analipwa kwa lipi, na nimejifunza kwa kukaa vilevile. Kuna mti nje ya uzio. Nilikuwa nafungua kiti changu cha kukunja chini yake, mkononi nina kofia ninayoishona viua, natoboa na kuzungushia uzi, huku namtupia jicho. Nilidhani nitaangalia bwawa. Bwawa halikunionyesha kitu. Siku nilipoacha kuangalia maji nikaanza kuangalia kichwa chake, ndipo nilipoiona kazi.

Kichwa chake hakitulii wala hakiharakishi. Kinaanza kushoto, kwenye ngazi za watoto wadogo, kinakwenda polepole hadi kwenye mtelezo, halafu kidevu kinashuka. Kidevu kile ndicho nilichokaa siku nyingi bila kukielewa. Kumbe amekwisha kufagia uso wa maji, sasa anafagia tumbo la maji, kisha sakafu. Bwawa lina ghorofa tatu, na mtu anaweza kupotelea katika yoyote. Sakafuni, upande wa kina kikubwa, kuna wavu wa tundu la kutolea maji. Kila mzunguko lazima auone ule wavu waziwazi. Siku usipoonekana, kwa maji kuchafuka au kwa mvua kuyapiga, bwawa hufungwa hapo hapo, hata liwe na watu mia.

Kila baada ya muda husimama, kwa sababu mwili uliokaa hulala kabla ya macho. Hugeuza mwili kulifuata jua, maana mng'ao juu ya maji hufunika kilicho chini yake kama shuka. Anavaa miwani ya kukata mng'ao, lakini ikifika saa kumi na moja jioni hata miwani haifui dafu, basi hukunja shingo kama korongo akitafuta pembe ambayo maji yatafunguka. Likitokea doa jeusi chini asilolitambua, pengine taulo, pengine kivuli cha mwavuli, hana ruhusa ya kukaa akilifikiria. Wamefundishwa hivi: kama hujui ni nini, ruka. Afadhali uibuke na taulo mkononi na watu wacheke.

Nilidhani anahesabu vichwa. Hahesabu. Anafuatilia habari za watu, kama mtu anayesikiliza ngano kumi kwa wakati mmoja. Yule mtoto aliyeingia amevaa maboya ya mikono, mbona sasa mkono mmoja hauna? Wale wavulana watatu wanaoshindana nani atakaa chini ya maji muda mrefu zaidi, filimbi fupi, acheni, maana mtu anaweza kuzimia huko huko chini bila kuhisi kuwa pumzi zimemwishia. Yule baba aliyembeba mwanawe shingoni anaelekea wapi? Na yuko mtu mmoja anayempa wasiwasi kuliko watoto wote: mwanaume mzima anayetembea upande wa kina kwa kushika ukuta. "Mtoto atakwambia hajui," aliniambia. "Mtu mzima anaona haya."

Kuna kipimo kinachotumika sana katika kazi hii, kilichoenezwa na kampuni ya Jeff Ellis inayofundisha waokoaji: sekunde 10 za kutambua kuwa mtu yuko taabani, na 20 nyingine za kumfikia. Nilijaribu mwenyewe. Nilihesabu hadi kumi huku nikikagua upande wake wa bwawa, na nilipofika kumi nilikuwa bado nashangaa nguo ya kuogelea ya bibi mmoja.

Tatizo si kuona, ni kuendelea kuona. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Uingereza, Norman Mackworth, alichapisha majaribio yake juu ya jambo hili. Jeshi la anga lilitaka kujua kwa nini watu wanaotazama rada, wenye macho mazima na akili timamu, hukosa alama za nyambizi zilizo mbele yao. Aliwaketisha watu mbele ya saa isiyo na tarakimu, yenye mshale unaoruka hatua moja moja, na mara chache sana hatua mbili. Kazi yao ilikuwa kuikamata ile hatua ya mara mbili. Nusu saa tu ilitosha kuwafanya waanze kuikosa. Niliposimuliwa habari hii nilitazama kofia iliyokuwa mapajani mwangu. Kila mshona viua anajua saa ambayo sindano huanza kutoboa nje ya mstari, na hakuna anayekuwa amejihisi kuchoka.

Ndiyo sababu pale kwao mtu hakai kitini zaidi ya dakika 20. Na kule kupokezana zamu, jamani, ningelipa kiingilio kukutazama peke yake. Anayekuja kupokea huanza kukagua maji tangu akiwa njiani, anatembea ukingoni huku kichwa kinafagia. Akifika chini ya kiti husimama, anayatazama maji peke yake kitambo, kisha anasema ameyashika. Hapo tu ndipo wa juu anapoteremka, na akiteremka hamtazami mwenzake usoni. Akifika chini anayashika tena yeye, ili mwenzake apande. Wanapeana habari kwa maneno machache, macho ya wote wawili yako kwenye maji: wawili wenye maboya ya mikono, mzee ukutani, yule wa kaptura ya kijani anapenda kukimbia. Boya la kuokolea linahama kutoka bega hadi bega. Kwa muda wote huo hakuna nukta ambayo maji yamebaki bila mwenyewe.

Nilikuwa nimekwisha kuyaona hayo, ila si mahali hapa. Baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi, akivuka kati ya Pangani na Unguja. Mdomoni mwa mto wetu kuna fungu la mchanga, na jahazi likikaribia hapo hakuna aliyemsemesha. Hata abiria mwenye cheo chake alijua kunyamaza. Baba alikuwa anasoma rangi: pale maji yalipofifia, pale yalipokunjamana bila upepo. Salamu zote zilingoja ng'ambo. Nilipokumbuka hilo nikamsamehe binti yangu, ingawa sambusa sikumrudishia.

Lile boya nalo lina kisa chake. Ni sponji refu jekundu, la kama mita moja na zaidi, lenye mkanda wa kuvaa begani. Asili yake ni Pete Peterson, mwokoaji wa Santa Monica, California, miaka ya 1930. Lazima likae mapajani kwa anayeketi, na mkanda wake uliolegea ukunjwe mkononi, kwa sababu mkanda unaoning'inia utanasa kwenye kiti saa ya kuruka. Binti yangu huukunja ule mkanda bila kuutazama, kama bibi yake anavyokunja ukili. Filimbi iko mdomoni au kidoleni. Fupi moja ni ya waogeleaji, fupi mbili ni ya kumwita mwokoaji mwenzake, na ndefu moja ni ya kusema naingia.

Ugomvi wetu mkubwa wa kiangazi kile ulikuwa juu ya methali. Tulikuwa mezani, nami nimesema jambo kuhusu mtu fulani anayehangaika na madeni, nikamalizia kwamba mfamaji haishi kutapatapa.

"Methali yenu ina makosa," akasema.

"Yetu sisi na nani?"

"Mama, mfamaji hatapatapi. Hapigi hata kelele."

Akanieleza. Kulikuwa na mwokoaji wa Orchard Beach, huko Bronx, New York, jina lake Frank Pia, ambaye aliwapiga picha za sinema watu waliokuwa wanazama kweli kabla ya kuokolewa, na mwaka 1970 akatoa filamu juu ya jambo hilo. Aliyoyaona hayakufanana na tunayoyaona kwenye tamthilia. Anayezama husimama wima ndani ya maji. Miguu haimsaidii. Kichwa kimelala nyuma, mdomo unazama na kuibuka, unazama na kuibuka. Mikono imetanuka pembeni inakandamiza maji kwenda chini, kama mtu anayejaribu kuinuka kutoka kwenye meza. Hawezi kupunga, maana mwili umeshaitwaa ile mikono na kuipa kazi. Hawezi kuita, maana kinywa kikiibuka kinatafuta pumzi kwanza, na sauti hutengenezwa na pumzi iliyozidi. Hali hiyo huchukua kati ya sekunde 20 na 60, halafu anakwenda chini. Anayepiga kelele na kurusha mikono yuko hatarini pia, lakini huyo bado ana nguvu za kudaka boya.

Nikakaa nikitafakari. Sikupenda kushindwa na mtoto mbele ya ugali wangu mwenyewe. Kisha nikamwambia ipo nyingine ya wazee: mfamaji hukamata maji.

Akasimamisha tonge. Akainua mikono yake miwili, akaitanua, akakandamiza hewa kwenda chini mara mbili, tatu. "Hiyo sawa," akasema. "Aliyeisema hiyo aliona."

Kibali cha kazi hakupewa bure. Mwaka 2022, alipofanya kozi ya Msalaba Mwekundu wa Marekani, ilimpasa kwanza aogelee yadi 300, karibu mita 275, bila kupumzika. Kisha akae juu ya maji dakika mbili kwa miguu peke yake, mikono imefichwa kwapani. Hayo aliyamudu. Kilichomtoa jasho ni tofali. Wanalitupa chini, ratili 10, yaani kilo 4 na nusu, kwenye kina cha futi 7 hadi 10. Unaogelea yadi 20, unapiga mbizi, unaliokota, unarudi umelala chali umelikumbatia kifuani kwa mikono miwili, unatoka majini bila ngazi, yote ndani ya dakika moja na sekunde 40. Mara ya kwanza masikio yalimuuma akaibuka mikono mitupu. Mara ya pili alilipata, akameza maji njiani, akaliachia.

Majuma mawili yaliyofuata nilimkuta kila jioni amelala chali kwenye zulia la sebuleni, mfuko wa mchele wa kilo 5 kifuani, anapiga miguu kama chura. Nilimruka nikienda jikoni. Sikumpa pole wala hongera. Nilimwambia tu mfuko ukipasuka ataokota punje moja moja. Aliporudi kwa mtihani wa tatu alitumia dakika moja na sekunde 26. Alinitumia ile namba peke yake kwenye simu, bila salamu, bila maelezo, nami nilikuwa kazini, nikaifuta machozi simu badala ya kufuta uso.

Baada ya hapo ndipo kozi yenyewe ikaanza: kumkandamiza mdoli kifua mara 30 na kumpulizia pumzi mara 2, ila kwa aliyezama unaanza na pumzi, kwa kuwa kilichomkosesha uhai ni ukosefu wa hewa, kumfunga kwenye ubao mtu aliyeumia shingo bila kuipinda hata kidogo, kumkaribia anayezama kwa nyuma, maana ukimwendea mbele atakupanda kama mnazi. Na kibali hudumu miaka miwili tu. Hata wakiwa kazini hawaachwi. Kila wiki, asubuhi, maji bado yana baridi ya usiku, wanafanya mazoezi hayo hayo. Na kuna siku meneja huteremsha mdoli kimyakimya ndani ya maji, katikati ya watu, kisha anabonyeza saa.

Ya klorini nitayapitia haraka, ingawa yeye angeweza kuyazungumza hadi usiku. Kila baada ya saa chache huchota maji kwa kichupa, hutia matone, na kulinganisha rangi: uwaridi wa klorini, wekundu wa kipimo cha asidi, ambacho kinatakiwa kisizidi 7.8. Ile harufu kali tunayoiita ya klorini, kumbe ni ya klorini iliyokwisha kupigana na jasho na mikojo ya watu. Bwawa safi halinuki sana. Na mtoto akijisaidia haja kubwa majini, wote hutoka. Kama kinyesi ni kigumu, nusu saa hivi ya klorini ya kutosha inamaliza kazi. Kama ni cha kuharisha, klorini hupandishwa mara kumi na bwawa hufungwa zaidi ya saa 12, kwa ajili ya kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu ambacho klorini ya kawaida haikitishi. Tangu nijue hilo simshangai mtu anayeoga kabla ya kuingia, namshangaa asiyeoga. Radi ikinguruma pia wote hutoka, na dakika 30 zinahesabiwa kuanzia ngurumo ya mwisho. Ikinguruma tena dakika ya 29, mnaanza upya.

Jirani yangu, bibi Mmarekani mweusi aliyepita miaka 70, alikuja siku moja akakaa nami chini ya mti. Hakuwa na mjukuu pale. Alisema amekuja kumwangalia mtoto mweusi aliye juu ya kile kiti. Yeye hakuwahi kufundishwa kuogelea, wala mama yake, na akanitajia St. Louis: tarehe 21 Juni 1949, siku watoto weusi walipoingia kwa mara ya kwanza kwenye bwawa la Fairground Park, kundi kubwa la weupe liliwangoja nje na kuwapiga, na meya akarudisha ubaguzi mara moja. Miji mingine baadaye ilifunga mabwawa yake kabisa kuliko kuyashiriki. Hesabu za CDC, idara ya serikali ya afya, zinaonyesha kuwa watoto weusi wa miaka 10 hadi 14 huzama kwenye mabwawa ya kuogelea mara 7.6 ya kiwango cha wenzao weupe. Nilimweleza kwamba nimekulia mita mia mbili kutoka baharini na sijui kuogelea. Wavulana walijifunza kwa kurukia mtoni, sisi wasichana maji yetu yaliishia magotini. Tukakaa, wanawake wawili wasiojua, tukimtazama anayejua.

Mzee wa getini, anayekata tiketi, yeye hupenda kusimulia habari za Ronald Reagan. Kabla ya sinema na kabla ya Ikulu, Reagan alikuwa mwokoaji katika Lowell Park, mtoni huko Dixon, Illinois, kuanzia 1926 akiwa na miaka 15, kwa viangazi saba. Kila aliyemwokoa alimwekea alama ya kisu kwenye gogo, na hesabu iliyobaki katika vitabu ni watu 77. Mzee hulitamka lile 77 kwa kishindo. Binti yangu hushukuru kwa heshima, lakini nyumbani alinieleza kwamba katika mafunzo yao sifa ni kurudi na nguo kavu. Filimbi fupi kumi za leo ndizo zinazofuta filimbi ndefu moja ya kesho. "Lakini ule ulikuwa mto, Mama," akaongeza. "Mto una mkondo. Tumpe haki yake."

Kiangazi cha pili, Jumamosi moja ya Julai, nguo zake zililowa.

Bwawa lilikuwa limejaa. Mimi nilikuwa nimefika mstari wa mwisho wa kofia, na kwa bahati niliinua macho kuelekea mahali penyewe hasa. Sakafu ya bwawa lile inakwenda sawa kisha inateremka, na pale inapoanza kuteremka alisimama mvulana wa kama miaka sita. Nilimwona vizuri. Nilidhani anatazama mawingu. Uso ulikuwa umeelekea juu, mdomo wazi kidogo, nywele zimemwangukia machoni wala hazitoi. Nikafikiri: mtoto mzuri, mtulivu. Mama yake alikuwa hatua tatu kutoka kwake, anazungumza na mwenzake.

Filimbi ndefu ilinikuta bado namtazama yule mtoto kwa mapenzi. Binti yangu alikuwa tayari hewani, boya limebanwa kifuani, mguu mmoja mbele mmoja nyuma kama mkasi, kwa sababu wanaruka hivyo ili kichwa kisizame na macho yasimwachie mtu. Mikambi minne, mitano. Alimzunguka, akaja kwa nyuma, akapitisha mikono chini ya makwapa yake, boya likawa katikati ya kifua chake na mgongo wa mtoto, akaegemea nyuma. Uso wa mtoto ukatoka majini wote. Mwenzake wa kiti cha pili alikuwa ameshageuza macho yake na kuchukua bwawa zima. Hakuna aliyemwagiza. Mtoto akakohoa, akakohoa tena, halafu akalia, na ile sauti ya kilio ndiyo ilikuwa kelele ya kwanza katika jambo lote lile. Mama yake aligeuka kwa kilio.

Nilihesabu baadaye, kwa kurudia mambo kichwani, nikaona kwamba tangu nilipomwona mimi hadi alipokuwa mikononi mwake hazikupita sekunde 15. Mimi na yeye tulikuwa tunatazama maji yale yale.

Walimkalisha mtoto, wakamsikiliza pumzi, wakamwita mtu wa gari la wagonjwa amkague, wakajaza fomu. Binti yangu alitolewa kitini akakaa kwenye benchi nyuma ya ofisi, taulo mabegani. Nikamfuata na chai ya thermosi. Kikombe kilikuwa kinagonga meno yake. Sikujua la kumwambia, nikamuuliza kama anataka sukari zaidi. Akasema anataka. Tulikaa hivyo, nikamwona anatazama mikono yake, anaitanua, anaikunja, kama chombo alichoazima kwa mtu. Kisha akaniuliza, "Na wewe ulimwona?"

"Nilimwona."

"Ulidhani anafanya nini?"

"Nilidhani anatazama mawingu."

Akatikisa kichwa taratibu, bila kunicheka. Zamu yake ilipofika alisimama, akaanza kutembea ukingoni kuelekea kwenye kiti, na hatua ya tatu nikaona kichwa kimeshaanza kwenda.

Mwisho wa msimu ule nilishuhudia jambo ambalo kwetu nitalisimulia hadi nizeeke. Bwawa likishafungwa kwa watu, kabla maji hayajapunguzwa, miji mingi ya hapa huwapa mbwa siku moja waogelee. Mbwa, kwa makumi, wa kila rangi, na wenyewe wao wamesimama ukingoni wanawarushia mipira. Nilivuta kiti changu nyuma ya mti, nikakusanya gauni langu, nikampigia mama yangu simu ya video.

"Ni nini hivyo?"

"Mbwa, Mama. Wanaogelea."

"Kwenye maji ya watu?"

"Ni siku ya mwisho. Kesho wanafunika."

Akatazama muda mrefu, miwani yake imekaribia kioo hadi nikaona jicho moja tu. "Na huyu mbona bado yuko juu?"

Nikageuza simu kuelekea kitini. Fulana nyekundu, boya mapajani, mkanda umekunjwa mkononi. Kichwa kilikuwa kinatoka kwenye ngazi kinakwenda kwenye mtelezo, polepole, kisha kidevu kikashuka.

"Hebu muulize," akasema mama yangu. "Mbwa nao huzama?"

Nikasogea hadi kwenye uzio, kwa tahadhari, nikamuuliza.

"Nikishuka, Mama."